Mwaka Nilioitwa Mkorosho

Mamdogo Somoe aliponipigia simu kuniambia kwamba Mama Tunu amefariki, nilisema innalillahi kama inavyopasa, nikakata simu, nikaenda moja kwa moja kwenye kioo. Sikwenda kulia. Nilikwenda kukagua. Shavu la kushoto lina mashimo manne, madogo, kama mtu aliyechoma unga uliokandwa kwa ncha ya njiti. La kulia lina mawili na doa jeusi ambalo kila mwaka linafifia bila kwisha. Nafundisha kemia katika sekondari moja hapa Ruangwa, na wanafunzi wangu huniona mtu asiyejali uso, kwa sababu sijipodoi. Hawajui kwamba uso huu naujua kama mkulima anavyolijua shamba lililomnyima chakula.

Wiki ya tano mamdogo alipiga tena. "Arobaini itasomwa Jumapili ijayo hapa Nachingwea," alisema. "Na ukoo wetu na wao ni watani, unajua. Mimi magoti yamekufa, siwezi kucheza. Mtani mwenye miguu umebaki wewe."

"Nitakuja."

"Esha. Ni utani, mwanangu. Siyo ugomvi."

"Nimekuelewa, mamdogo."

Nilimwelewa vizuri sana. Kwetu mtani ndiye anayewachekesha waliofiwa, ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kuigiza uchoyo wake, mwendo wake na matusi yake, mbele ya watoto wake, na mfiwa akikasirika ameshindwa. Mtani anaweza pia kunyakua kitu cha marehemu, kiatu, sufuria, hata kitanda, na hakirudishi mpaka kikombolewe kwa jogoo au doti ya kanga au chochote atakachotaja. Nilipokuwa chuo niliwahi kubishana na wenzangu mpaka sauti ikakauka kwamba mambo haya ni mabaki ya zamani, hayana kazi tena. Wiki ile nzima, nikisahihisha madaftari, niliiona kazi yake.

Mwaka ninaouzungumzia ni ule niliomaliza kidato cha sita nikakosa nafasi ya chuo, ikanibidi kusubiri msimu mwingine. Nilihamia kwa mamdogo Nachingwea. Chumba nilicholala kilikuwa cha uani, na nilikigawana na pembejeo: magunia ya salfa ya kupulizia mikorosho yalipangwa mpaka karibu na dirisha, bomba la kupulizia limeegemea ukuta, na vumbi la njano limetanda juu ya chandarua. Kila kitu changu kilinuka kiberiti. Uji ulinuka kiberiti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na uso uliojaa chunusi, siyo zile mbili tatu za msichana anayekua, bali vivimbe vikubwa vyenye maumivu, vingine chini kabisa ya ngozi, ambavyo asubuhi nilivigundua kwa kidole kabla sijafungua macho. Nilikuwa nimeshajaribu limau, dawa ya meno, maji ya mwarobaini na kuacha karanga. Mchana mamdogo na jirani yake walikaa barazani kumenya ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, nami ndani nikisikia.

"Chunusi za hivi ni damu," jirani alisema. "Damu imechemka, haina pa kwenda."

"Sasa tufanyeje?"

"Mwozesheni."

"Nani atamwoa na uso ule?"

"Ndiyo maana inachemka!"

Wakacheka mpaka sufuria ya ming'oko ikapinduka. Baadaye mamdogo aliniita nile, akaninyunyizia chumvi na pilipili juu ya ming'oko kwa mkono wake, kwa upendo kabisa, wala hakujua kwamba nilikuwa nimesikia kila neno. Hata leo nikiuziwa ming'oko sokoni nanunua, nakula, na kila tonge namjibu yule jirani. Namwambia kwamba damu haichemki. Namwambia kuna tundu dogo kwenye kila kinyweleo, kwamba homoni za ujana huongeza mafuta, mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa tundu huziba, na vijidudu ambavyo kila mtu anavyo hustawi humo mpaka mwili unaanza kupigana navyo, ndipo uvimbe na usaha. Mume hahusiki popote. Lakini wakati ule sikuwa na jibu, nilikuwa na maswali tu, na maswali bila jibu ni hatari kuliko ujinga, kwa sababu yana haraka.

Dukani niliona sabuni ya chunusi ambayo boksi lake liliandikwa kwamba ndani mna salfa. Nilikaa kitandani nikayatazama magunia. Salfa ni salfa, nikajiambia; elementi haibadiliki kwa kuhama kutoka gunia kwenda kwenye boksi. Kemia nilikuwa nimefaulu vizuri. Nilihoji walimu, nilihoji mashehe, nilihoji mpaka mtangazaji wa redio, ila siku ile sikujihoji mwenyewe maswali mawili ambayo mtoto wa kidato cha pili angeuliza: ni kiasi gani, na imechanganywa na nini. Nikachota kiganja, nikakanda na mafuta ya ufuta, nikajipaka uso mzima, nikalala chali tangu baada ya sala ya adhuhuri. Kufika alasiri nilikuwa nimesimama uani nikijimwagia maji kwa kopo huku nikipiga mayowe.

"Umejipaka nini?" mamdogo alikuja mbio.

"Salfa."

"Salfa gani?"

Nikaonyesha kidole chumbani. Mamdogo akakaa chini palepale kwenye mchanga. "Esha! Umejipulizia kama mkorosho?" Alitaka kulia, kikatoka kicheko. Akanifunika kanga kichwani, akanipeleka kwa Mama Tunu.

Saluni ya Mama Tunu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Pazia la maua lilitenganisha viti vya wateja na sehemu ya nyuma ambako alikorogea krimu zake. Alikuwa mama mnene mwenye sauti tamu, uso wa rangi ya chungwa bivu na vifundo vya vidole vyeusi tititi, na niliviona vile vidole mara ya kwanza, nikavihoji moyoni, nikanyamaza. Binti yake Tunu, rika langu, alikuwa akisuka mteja pembeni. Mama Tunu alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga.

"Nani kamchoma mtoto hivi?"

"Mwenyewe," mamdogo alisema. "Dawa ya mikorosho."

Wateja wanne waligeuka kwa pamoja. Mama Tunu akaniachia kidevu, akapiga makofi. "Wallahi, watoto wa siku hizi wanasoma mpaka wanazidi! Karibu, Mkorosho wangu. Tutakutoa maua." Saluni nzima ikacheka, Tunu akiwemo. Jina likazaliwa palepale, na mimi nikiwa na kanga kichwani kama maiti ya mtoto.

Alinitunza siku zile, siwezi kulikana hilo. Alinipoza kwa vitambaa vya maji mpaka ngozi iliyoungua ikabanduka. Kisha akapita nyuma ya pazia, nikasikia mwiko ukigonga beseni, akarudi na kikopo cha mtindi kilichojaa krimu nyeupe. Hakikuwa na lebo.

"Kuna nini humu?" niliuliza.

"Kuna uzuri."

"Namaanisha dawa gani, mama."

"Sikilizeni huyu! Juzi kajipaka gunia zima hakuuliza, leo kakumbuka kuuliza." Wakacheka tena. "Ukijua utafungua saluni yako? Paka asubuhi na jioni, mwanangu. Maswali wapelekee walimu."

Siku ya tano niliamka, nikapitisha kidole shavuni, nikakuta hakuna kitu. Hakuna kabisa. Ngozi ilikuwa laini kama ndani ya ganda la yai. Nilikimbilia kioo kidogo cha mamdogo, nikacheka peke yangu, kisha nikafanya jambo ambalo sijajisamehe: niliacha kuuliza. Nilikuwa mtoto aliyehoji kila kitu, nikauza swali langu kwa shavu. Niliporudi kuchukua kopo la pili, wateja waliimba "Mkorosho umezaa!" na mimi nikainama kama msanii anayepokea shangwe. Kopo lile la pili lilikuwa na unjano kidogo na harufu ya kiberiti. Nilidhani ni harufu ya chumba changu imenifuata puani. La tatu na la nne yalikuwa hivyohivyo.

Miezi ile nilifundisha tuisheni ya hesabu kwa watoto wa mtaani, kwenye darasa la kuazima, na niliipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Halafu msimu wa korosho ukafika, Mama Tunu akasafiri kwenda Masasi kwa ndugu zake, akakaa wiki nne. Kopo langu likaisha. Siku ya nne bila krimu uso ulianza kuwaka. Siku ya nane ulikuwa umerudisha kila chunusi niliyowahi kuwa nayo na kuleta ndugu zao, vipele vidogo vingi mpaka shingoni, ngozi imekuwa nyembamba hivi kwamba mvuke wa chungu cha maharage uliniumiza, na vinyweleo vimeota mashavuni ambako havikuwepo. Nilikwenda tuisheni nikiwa nimejifunga ushungi mpaka chini ya macho. Ubaoni nilikuta mtu amechora mti, matawi yake yamejaa vidoti, chini ameandika MWALIMU MKOROSHO. Jina lilikuwa limetoka saluni, limevuka barabara, limefika darasani kabla yangu. Nilifuta ubao, nikafundisha sehemu kwa desimali mpaka kipindi kikaisha, nikarudi nyumbani, sikufundisha tena. Nilijifungia na magunia matupu ya salfa kwa wiki nyingi. Mamdogo aliacha sahani mlangoni.

Mama Tunu aliporudi alituma ujumbe kwa mamdogo, nami nikausikia kupitia dirishani. "Mwambie Mkorosho aje. Uso wake unanililia mimi." Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonitisha.

Badala ya kwenda kwake nilipanda pikipiki kwenda hospitali ya misheni ya Mnero, kwa sista mmoja wa makamo aliyekuwa anatibu pale, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniweka karibu na dirisha, akanitazama muda mrefu bila kunigusa.

"Unapaka nini?"

"Dawa ya chunusi, Sista."

"Inaitwaje?"

"Haina jina."

"Dawa isiyo na jina haina wa kuulizwa," alisema. Akanieleza, taratibu, akirudia kila neno gumu. Kwamba kuna dawa kali za muwasho ambazo huzima uvimbe wowote kwa muda, uso unanyamaza lakini haujapona, na chini yake ngozi inaliwa. Kwamba watu huzikoroga pamoja na za kujichubua na kuziuza kwa vikopo. "Hii uliyo nayo sasa siyo chunusi yako ya zamani tu. Ni ya dawa. Ukiacha, itakuasi wiki kadhaa. Utauchukia uso wako. Usirudi kwake."

"Na nikishindwa?"

"Utarudi hapa tuone pamoja. Kwake usirudi."

Alinipangia mambo madogo mpaka nikaona ananidharau: kunawa mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo na manukato, kutosugua, kutokamua, mafuta mepesi yasiyozibisha matundu, kukinga jua, na ngozi ikishatulia, jeli ya benzoili peroksaidi, kidogo tu, usiku. Nilimuuliza itachukua muda gani. Akasema miezi. Nilimuuliza kuhusu salfa, nikamweleza nilichofanya. Hakucheka. Alisema salfa huwemo kweli kwenye baadhi ya dawa za ngozi, kwa kipimo, iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. "Wewe ulikosea kipimo," alisema. "Yeye hana kipimo kabisa." Nililia mbele yake, kwa sababu ulikuwa mwezi wa saba tangu nihamie Nachingwea na alikuwa mtu wa kwanza kulijibu swali langu kana kwamba nilikuwa na haki ya kuuliza.

Wiki tisa uso uliasi. Kisha ukaanza kutulia, polepole mno, kama maji ya mafuriko yanavyoondoka shambani, yakiacha mashimo. Msimu uliofuata nilipata chuo. Niliondoka Nachingwea nikipita mbele ya saluni ile, na Mama Tunu, amesimama mlangoni, alinipungia mkono wenye vifundo vyeusi. "Mkorosho! Umesahau shukrani!" Sikusahau kitu. Nilisoma kemia miaka mitatu, na kila maabara niliyoingia nilikuwa nikijibu saluni moja.

Jumapili ya arobaini nilivaa gauni pana la mamdogo, nikajaza mto tumboni, nikajipaka mashavu manjano ya kupikia na kuchovya vifundo vya vidole kwenye masizi ya sufuria. Dua ilikwisha, wali umeliwa, watu wamekaa chini ya turubai mbele ya ileile nyumba. Niliingia nikitembea kama yeye, kifua mbele, na kabla sijafungua mdomo akina mama walikuwa wameshashika mbavu. Nilikaa kwenye kiti chake cha saluni. Nikamshika kidevu mama mmoja mnene. "Nani kamchoma mtoto hivi? Karibu, Mkorosho wangu, tutakutoa maua!" Walicheka mpaka machozi. Hata wazee wa ukoo wa marehemu walicheka. Tunu naye alicheka, kanga ameivuta mbele mpaka kwenye nyusi, poda nyingi usoni. Sasa saluni ilikuwa yake. Nyuma yake waliketi wasichana sita au saba, wateja wake, na nilipowatazama niliziona zile nyuso laini kama ndani ya ganda la yai. Nikajua ziko siku ya ngapi.

Niliingia ndani, nikapita pazia la maua, lilelile. Beseni lilikuwepo na mwiko umelazwa ndani yake, umekauka na krimu. Nikautoa nje, nikauinua juu. "Nimekamata!"

Vigelegele. Tunu akasimama kama desturi inavyotaka. "Mtani, rudisha mwiko wa mama. Utapewa jogoo."

"Jogoo ninaye."

"Doti ya kanga."

"Ninazo. Nataka jibu moja, mtani. Kuna nini humu?"

Kicheko kilipungua, kama redio inayoishiwa betri. Mjomba wake mmoja akakohoa. "Huo siyo utani, binti."

Mamdogo Somoe, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu ya magoti, alijibu bila kugeuka. "Ni utani, shemeji. Mtani hapangiwi kikomboleo. Tangu lini?" Wazee wakatazamana, na mmoja wao, mwenye hekima au mwenye uchovu tu, akasema, "Mjibu, Tunu. Tumalize."

Tunu alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi poda ilivyokuwa nene na kwa nini. Mashavu yake yalikuwa kama yangu ya mwaka ule, mabaya zaidi. Ningesema nilimwonea huruma, lakini ningekuwa namdanganya msomaji. Nilisubiri.

"Losheni ya mtoto," alianza. "Tyubu mbili za dawa ya muwasho, ile kali. Moja ya kujichubua." Nyuma yake msichana mmoja aligusa shavu lake taratibu. "Vidonge vya antibaiotiki, vilivyosagwa."

"Na?"

"Basi."

"Mtani, mwiko huu una unjano."

Akautazama mwiko. Kisha, kwa sauti ya chini iliyosikika na wote, alisema, "Na salfa. Ile ya mikorosho. Mama aliiongeza baada ya wewe kuja. Alisema kama yule msomi ameifikiria, lazima ina kitu."

Miaka yote ile nilibeba jina nililopewa na mwanamke yule, na muda wote yeye alibeba wazo langu, akalikoroga, akawapaka watoto wa watu, akinicheka mchana. Nilikuwa nimekuja kulipiza kisasi, nikakuta mkono wangu ndani ya beseni. Mtu mmoja nyuma alisema polepole, "Mkorosho," bila kucheka.

Halafu nikaona wasichana wale wanainuka. Siyo wote. Wanne. Walipita pembeni ya turubai bila kumuaga Tunu, ushungi umeshuka, wakaenda. Mzee akanyoosha mkono kwangu. "Kikomboleo kimelipwa, mtani. Rudisha."

"Kimelipwa," nilisema.

Niliuweka mwiko juu ya goti langu, nikaukandamiza kwa mikono miwili mpaka ukalia na kukatika, kisha nikampa Tunu vipande vyote viwili, kimoja kila kiganja. Desturi inasema mtani akilipwa anarudisha. Haisemi kirudi kizima.